Mlango wa Upande wa Dereva

Datsun yangu ina milango miwili tu, na kwa miezi mitatu mmoja ulikataa kufunguka, kwa nje na kwa ndani. Tena ule wa dereva. Nilikuwa naingia upande wa abiria, navuka gia kwa makalio, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na nane, huku majirani zangu hapa Lodwar wakimeza kicheko. Ni gari la mashindano ya zamani, nililinunua kwa padri mmoja mwaka wa 1989, na hakuna ninachokipenda kulishinda isipokuwa mke wangu. Siku nyingine hata hilo nililitilia shaka.

Mke wangu ni Akuwam, mama wa mwanetu Atiir. Kila Ijumaa alikuwa akiliendesha hadi Kakuma kumwona dada yake Namuar, ambaye magoti yamemlemaza. Ijumaa moja ya Mei alirudi, akafunga mlango, na kesho yake ufunguo ukaingia nusu ukagoma. Sikuuliza. Nilimwambia, "Mama Atiir, mikono yako ni ya kukamua mbuzi, si ya ufunguo wa gari," nikamnyang'anya ufunguo. Tangu hapo akawa anakwenda Kakuma kwa probox ya abiria, wamebanana wanne kwenye kiti cha watu watatu, na nyumbani ananisemesha yale ya lazima tu: chakula tayari, maji yamekatika. Nilijiambia atazoea. Mimi ndiye niliyeshindwa kuzoea.

Mwishowe nilimwita Jean-Luc, Mkongomani anayetengeneza kufuli kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alikuja Jumatano asubuhi na mfuko mmoja, akatandika shuka kuukuu chini ya mlango ili skrubu zisimezwe na mchanga. Aliingilia upande wa abiria kama mimi, akachomoa hendeli ya kioo, akabandua ubao wa ndani, kisha akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko akipapasa vyuma asivyoviona, macho juu, kama mkunga. Nilisimama karibu nikitoa maagizo. Baada ya agizo la tano aliniomba nikamletee penseli. Nadhani alitaka ninyamaze.

Niliporudi alikuwa ameshika silinda ya kufuli, kitu cha ukubwa wa pingili ya kidole.

"Papa, hii kufuli haiyakufa," alisema. "Iko na buchafu tu."

"Si ufunguo ulilazimishwa?"

"Hapana. Hakuna kitu ilivunjika." Alikwangua kwa sindano, likatoka tope jeusi la kunata. Akalinusa. "Hii ni mafuta ya nyama. Mutu alipakaa mafuta, vumbi ikashika, ikakuwa sawa simenti. Nani aliweka?"

Nilijua ni nani. Marehemu mama yangu alipaka mafuta ya mkia wa kondoo kila alichotaka kidumu: ngozi, vibuyu, watoto wachanga, paji la uso la mtu anayesafiri. Nami kila Jumamosi, nikishaosha gari, nilichovya kijiti kwenye kopo langu nikalipaka tundu la ufunguo, tena kwa upendo. Ngozi hunywa mafuta. Chuma hakinywi, na vumbi la Lodwar halina pa kwenda.

Akuwam alikuwa amesimama hapo na birika la chai. Kopo lile analijua, yeye ndiye anayeniyeyushia mafuta. Nilingoja aseme. Ningekuwa mimi ningesema, tena kwa sauti, majirani wasikie.

"Hatujui, fundi," alisema. "Gari ni ya zamani. Imepita mikono mingi."

Akamimina chai, kikombe changu kwanza. Niliona haya kuliko siku mkaguzi wa shule aliponikuta nimelala darasani.

Jean-Luc aliiosha silinda kwa petroli na mswaki, akaipuliza, kisha akakwangua ncha ya penseli na kunyunyizia ule unga mweusi ndani. "Kuanzia leo ni hii tu, Papa. Mafuta, hapana." Akairudisha mahali pake, akazungusha ufunguo. Mlango ukafunguka kwa mlio mdogo, kama haujawahi kusumbua mtu.

"Ni mimi," nilisema. "Fundi, mafuta niliyapaka mimi. Na huyu mama nimemsingizia miezi mitatu." Kisha nikamgeukia. "Mama Atiir, nilikukosea. Nisamehe."

Jean-Luc aliinama kutafuta skrubu ambayo haikuwa imepotea.

"Nilidhani ni mafuta tangu Mei," Akuwam alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Akakusanya vikombe, akaingia ndani.

Ijumaa nilimwekea ufunguo mkononi. Alifungua mlango wa dereva, akaketi, akasogeza kiti mbele, akarekebisha kioo.

"Na wewe unakuja?" aliniuliza.

"Kwa Namuar nilikusema vibaya pia, kwa simu. Nataka nikayafute maneno yale."

Nikazunguka gari, nikaingia kwa mlango wa abiria kama nilivyozoea. Safari hii sikuvuka gia.