Kofi la Kaole

Mwanahija aliwekwa kiti cha mbele, akapewa chupa ya maji na msichana aliyemwita "legendi." Hakuulizwa kama ana kiu, wala kama jina hilo analitaka. Alihamia mwisho wa safu, kushoto kabisa, sikio la kulia liwaelekee watu. La kushoto lilikufa mwaka 2003 na hakuna aliyeliwekea matanga.

Kazi waliyomwitia haikuwa ya kutoa jasho. Mkanda wa zamani uoneshwe, vijana waliotoka Dar waujadili, kisha yeye, aliyekuwa mke wa kwenye mkanda, amkabidhi ngao Mzee Abdulazizi aliyeuongoza. Kuja alikubali. Kukabidhi, moyo wake ulikuwa bado unagoma.

Basi wakauonesha. Mwanahija wa miaka ishirini na mbili akatokea ukutani, mwembamba, wali umemuungulia. Husseni, aliyeigiza mumewe, akamzaba kofi, na machozi yakamtoka ya kweli kweli. Mwaka ule watu walilia naye mpaka kwenye vibanda vya video vya Miono.

Taa zilipowashwa, wajuzi wakaanza. Lulu, binti mwenye miwani kubwa kuliko uso, akasema mkanda huu unahalalisha ukatili wa kijinsia na usioneshwe tena bila onyo. Mikdad, aliyekaa kando yake, akasema si haki kuwapima wazee kwa kipimo cha leo, maana zama zile watu waliishi hivyo. Lulu akamjibu kwamba lazima tukae na maumivu ya mhusika. Mhusika mwenyewe alikuwa hatua tano kutoka hapo, kashika chupa yake ya maji, na hakuna aliyemgeuzia hata shingo. Mwanahija akafyonza kimoyomoyo. Elimu yote ile, wanamlilia mwanamke wa ukutani na wa kwenye kiti hawamwoni.

Hata hivyo hao aliwadharau kidogo tu, kama mtu anavyodharau watoto wa wenzake. Dharau yenyewe alikuwa kamwekea Abdulazizi, aliyekuwa akichekacheka chini ya kofia yake ya viua kama bwana harusi. Mzee alipopewa kipaza sauti akasema, "Wanangu, tusameheni. Zama zile hatukuyajua haya. Na isitoshe, yalikuwa maigizo tu."

Ati maigizo. Kule Kaole, walikoupigia picha mkanda, walipatana kwamba Husseni apitishe mkono hewani, Mwanahija ageuze uso, na mtu wa pembeni agonganishe viganja. Walirudia mara tano, Abdulazizi haridhiki. Kabla ya mara ya sita alimvuta Husseni kando akamnong'oneza, na mkono ukaja mzima mzima. Husseni mwenyewe aliduwaa. Abdulazizi akasema safi, hiyo hiyo, hatuirudii.

Msema chochote wa hafla akamwita jukwaani. Mwanahija akaipokea ngao, akamtazama mzee aliyekwisha kunyoosha mikono miwili. Akimpa, basi kofi lile litabaki kuwa maigizo mpaka anaingia kaburini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu, akainama kumnong'oneza jambo jingine sikio la kushoto. Mwanahija hakulisikia. Akauchukua mkono wa msema chochote wenye kipaza sauti, akausogeza mdomoni kwake.

"Mzee ananong'oneza upande usiosikia," aliwaambia watu. "Haujasikia tangu kofi mlilolitazama sasa hivi. Yeye ndiye aliyeagiza nipigwe kweli, na mimi sikuambiwa."

Lulu akavua miwani yake, akaanza kuifuta ingawa haikuwa na vumbi. Abdulazizi akacheka kicheko chembamba. "Mwanangu, nimeshasema, zama zile..."

"Siku ya pili yake Husseni alikuja nyumbani na mama yake, Bi Shadya," Mwanahija akaendelea, hana haraka. "Walikuja na doti ya kanga, wakaniomba radhi mbele ya baba yangu. Bi Shadya hakuwahi kukanyaga darasa, na hakungoja vijana wa Dar waje wamfundishe."

Akashuka na ngao yake, akaiweka juu ya kile kiti cha mbele alichokuwa amekikimbia, kisha akamgeukia mzee aliyebaki jukwaani na mikono mitupu.

"Zama zilikuwa hizo hizo, mwalimu. Ni wewe tu ambaye hukuja."