Mwadhini Katika Picha ya Mfaransa

Hapa Kairo mtu mwenye macho hapandi mnara wa msikiti. Ukiwa juu, ua wa kila nyumba uko wazi, na wake za watu wanaanua nguo vichwa wazi. Ndiyo maana mtaa wetu ulinichagua mimi, Mitwalli, niwe mwadhini, maradhi ya macho yaliponipofusha. Nikapewa pia nyumba ya wakfu, nikaoa.

Mwaka wa tatu jicho la kushoto likafunguka. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa woga. Habari ikijulikana, nyumba imekwenda, na kila mume wa mtaa atanidai heshima ya mkewe. Basi nikaendelea kupapasa kuta. Miaka tisa sasa, hata mke wangu hajui.

Ndipo akaja Mfaransa mmoja na visahani vyake vya rangi za maji, akakaa wiki nzima juu ya paa la jirani akiuchora mnara wetu jiwe kwa jiwe. Siku alipomaliza, baada ya swala ya adhuhuri, alimwonyesha picha Haji Shihata, msimamizi wa wakfu, mbele ya watu. Nami nikatazama kwa wizi. Ulikuwa mnara wenyewe, mistari myekundu na myeupe, hata ufa ulio chini ya roshani. Na pale juu nilikuwa mimi, mkono mmoja sikioni, wa pili umekinga jua usoni, nikiangalia chini.

Nikageuza uso upesi.

"Kipofu anakinga jua la nini?" Haji Shihata aliuliza.

Mfaransa, kupitia mkalimani wake, akaapa kwamba amechora alichokiona. Haji akawaka. Alisema mwadhini wetu tunamjua sisi, si mgeni wa juzi anayetia chumvi ili awafurahishe wa kwao. Watu wakamzomea Mfaransa. Kisha Haji akanitilia karatasi mikononi.

"Aliyetukanwa ni wewe, Sheikh. Ichane mwenyewe."

Mfaransa alinikazia macho. Alikuwa anajua. Neno langu moja tu lingemwondolea aibu ile. Nikaelekeza uso pasipo na kitu, nikaichana vipande viwili, kisha vinne. Sikuwahi kujiona kwenye picha kabla ya siku hiyo.

Haji alinishika bega. "Hata hivyo ilipendeza, mwanangu. Basi tu hukujaliwa kuiona."

Wote walikuwa wakinitazama. Ikanibidi niulize ilikuwa na rangi gani.