Usiitike

Mimi nina mdomo, mtaa mzima wa Sogea wanajua, na Jenista alinijua hivyo kabla hajanichukua kumsaidia kulea watoto kwenye kituo chake. Lakini kuna jambo moja alinikataza siku ya kwanza, nami nikakubali kama mjinga. Kile kilio cha chumba cha nyuma, alisema, usikiitike.

Nyumba ile waliipanga watu wa Kamsamba kabla yetu. Mtoto wao mchanga alifia chumba cha nyuma, wakahama, na tangu hapo kila mchana watoto wetu wakilala, kule nyuma kunalia. Wala si paka. Nimelea wangu na wa wenzangu, kilio cha mtoto nakijua. Siku za mwanzo matiti yalinisisimka, mimi ambaye Amoni wangu, kitinda mimba, ana ndevu.

Kwetu Ileje tumekuzwa hivyo: sauti usiyomwona mwenyewe huiitikii, maana ukiitika umejipeleka. Jenista ni wa Mbozi, na kwao wanasema hivyo hivyo. Basi tukawa tunakoroga uji huku kunalia, mpaka kinachoka chenyewe. Binadamu tunazoea mambo, jamani. Mwishowe nilikuwa nakisikia kama ninavyosikia malori ya mpakani.

Mwezi wa saba ukaja na ukungu wake, nepi zikawa hazikauki. Jenista akawasha jiko la mkaa, akaliweka chumba cha nyuma, akatundika nepi kwenye kamba juu yake, akafunga mlango na dirisha joto lisitoke. Hakuna mtu aliyekuwa analala mle, kwa hiyo hata mimi sikuona ubaya.

Kituoni tulikuwa na Ipyana, mtoto wa Ikupa, ndiyo kwanza ameanza kutembea. Ikupa anavuka kwenda Nakonde kuuza vitunguu, na kila asubuhi alinikabidhi mwanawe mkononi akisema, dada, nakuachia roho yangu hiyo. Katoto kenyewe kafuasi, ukiinuka tu kako nyuma yako. Mchana ule nilikalaza na wenzake, nikatoka uani kuosha vikombe. Jenista alikwenda kugeuza nepi, akarudi na beseni mikononi, mlango wa kile chumba akausukuma kwa kisigino bila kutazama nyuma.

Kilio kikaanza. Tukaendelea kuosha. Jenista alikuwa ananisimulia harusi ya mdogo wake Yonathani, namna mashemeji walivyogombania nyama, nami nacheka. Nikaingia ndani kuchungulia wanaolala, nikaona blanketi la Ipyana limelala bapa.

Nikakimbilia nyuma, Jenista akanidaka mkono mlangoni.

"Usiingie. Ndicho kinachotaka."

"Ipyana hayupo kitandani."

Alisikia, lakini hakuniachia. Kule ndani bado kunalia. Nilimsukuma akaanguka na beseni lake.

Mlango ulipofunguka joto likanipiga usoni, kichwa kikaniwanga papo hapo. Ipyana alikuwa chini ya kamba ya nepi, shavu sakafuni, kinywa wazi, kimya. Kilio kilikuwa kinatoka upande mwingine, kwenye kona nyuma ya mlango. Sikugeuka kutazama. Nilimzoa mtoto nikatoka naye uani kwenye ukungu.

Nilimpulizia pumzi, nikamsugua mgongo, nikamwita huku namtukana na kumwomba Mungu kwa pamoja. Niliogopa vile ambavyo sijaogopa maishani. Mara akakohoa, akatapika uji, akalia. Nikalia naye.

Bodaboda ikapatikana. Nikamfunga Ipyana mgongoni kwa Jenista wampeleke hospitali haraka, nikamwambia Jenista kwamba Ikupa nitamweleza mimi, tena bila kupunguza neno. Akapanda. Mtoto alikuwa analia mgongoni kwake, na chumbani nako bado kunalia.

Jenista aliniona ninavyogeuza shingo. "Mama Amoni," alisema, "nakusihi. Usiitike."

Hasira ilinipanda. Miezi yote hiyo tumesikia mtoto analia, tukakoroga uji. Leo mwenzake kaanguka pale miguuni pake, na yeye ndiye pekee aliyepiga kelele.

"Mtoto akilia anaitikiwa," nilimwambia. "Nenda hospitali."

Niliwatazama wanaolala, wote walikuwa wanapumua vizuri. Nikaingia chumba cha nyuma nimebana pua, nikatoa jiko, nikafungua dirisha lote na kungoja upepo upite. Kisha nikasimama kwenye ile kona. Kilio kilikuwa usawa wa kifua changu, mahali ambapo mtoto hufika akinyanyuliwa.

"Abee, mwanangu," nikasema.

Kikakatika. Nikasikia kwikwi, kisha pumzi ndogo za baridi shingoni mwangu, za mtoto aliyelia mpaka akachoka. Nilikunja mikono kifuani kama ninavyowabeba wote, nikaanza kuyumba taratibu. Alikuwa mzito.