Kisu cha Kuchinjia Pofu

Abedi alitandika mkeka barazani kwa dada yake mkubwa, Saumu, akavipanga visu vyake vitatu kwa madaha, halafu akakaa pembeni kungoja sifa. Saumu alikuwa anapeta mchele. Alivitupia jicho mara moja tu, na hiyo mara moja ilimtosha.

Cha kwanza kilikuwa cha Kizungu, cha kukunja, chenye kizibuo cha chupa ubavuni. Saumu aliuliza kama siku hizi pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, hukutwa porini wamekaa mezani wanangoja divai. Cha pili kilikuwa kirefu na kizito, cha kukatia miwa, naye akasema hicho angalau mwenyewe amekileta kwa aibu. Cha tatu ndicho Abedi alichokuwa anakipenda. Ala yake ilikuwa ya shaba iliyochorwa maua, mpini wa pembe, makali pande mbili, ncha nyembamba ya kutisha. Alikinunua kwa mchuuzi mmoja kule Bukama, na tangu siku hiyo kilikaa ukutani, kikisuguliwa kila Ijumaa na kisikate hata kamba.

Jambo lenyewe halikuwa mchezo. Zaituni, binti wa pekee wa Saumu na mumewe Amuri, alikuwa anaolewa wiki ile. Mbuzi wa mji wao wa Kamina walikuwa wamemalizwa na ugonjwa, na harusi bila nyama ni msiba wenye ngoma. Ikabidi wamtegemee Mwenze, mwindaji wa Kiluba mwenye gobori na kibali cha serikali. Lakini Mwenze aliabudu mizimu ya babu zake, kwa hiyo Mwislamu mmoja alipaswa kumfuata porini, amfikie mnyama angali na roho, ataje jina la Mungu na kumkata koo. Akichelewa, basi nyama hiyo ni kibudu, haramu kwa wageni wote. Na mkubwa wa wageni, Mzee Rajabu wa Kasongo, baba wa bwana harusi, alikwisha kumvunjia mwanawe wa kwanza posa kwa sababu ya sahani moja ya nyama ambayo mchinjaji wake hakujulikana.

Saumu aliyajua hayo yote kuliko wanaume wa nyumba ile. Baba yao alikuwa mchinjaji, na Saumu ndiye aliyekaa karibu naye kazini wakati Abedi akikimbizana na panzi. Lakini mwanamke hafuati wawindaji, kwa hiyo roho ya harusi ya binti yake iliwekwa mikononi mwa mtu anayenunua kisu kwa sababu ya maua.

Aliingia jikoni akatoka na kisu cha marehemu baba yao. Kilikuwa kifupi, cheusi, na mpini wa mti uliolainishwa na jasho. Akamweleza nduguye taratibu, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mjinga kufunga viatu. Upande mmoja hauna makali ili kidole kipate pa kulala wakati wa kupasua tumbo. Ncha imeinuka kidogo ili ipite juu ya matumbo bila kuyatoboa. Na kinanolewa kila siku, maana ngozi ya shingo ya pofu haijali uzuri wa mtu.

"Kisu ya vitunguu hii, yaya," Abedi akamwambia dada yake. "Miye niende nayo mbele ya batu?"

"Batu gani? Kule iko Mwenze na nyama tu."

Hapo Amuri, ambaye hajawahi kuchinja kitu kizito kuliko jogoo, akakohoa na kusema mambo ya porini yaachiwe wanaume. Saumu akaurudia mchele wake. Alipata hamu ya kumpiga mumewe kwa ungo, lakini mchele uliokwisha kupetwa ungemwagika.

Wawindaji waliondoka alfajiri, kisu cha maua kikining'inia kiunoni mwa Abedi. Walirudi kesho yake asubuhi na vijana wa Mwenze wamebeba pofu mzima, vipande vipande. Watu wakapiga vigelegele. Saumu hakupiga. Alikiinua kipande cha shingo akakigeuza juani.

Mchinjaji anayejua kazi huacha mkato mmoja. Shingo ile ilikuwa na mikwaruzo isiyohesabika, mingine haikupenya hata ngozi, na ndani damu ilikuwa imeganda nyeusi kwenye nyama. Kwenye mbavu kulinata nyasi zilizokwisha kutafunwa, na harufu ya mavi ilifika mpaka kwa majirani. Tumbo lilikuwa limetobolewa, na kuoshwa kwake kulikuwa kwa kizembe.

Alimwita Mwenze kando. Mwindaji hakupenda kuchongea mwenzake wa safari, akasema yeye alipiga risasi, mengine ni ya dini yao. Saumu akasimama tu, akimtazama, mpaka yule mtu akachoka.

"Ilianguka iko muzima, mama Zaituni. Yeye akakata, akakata, kisu haiingie. Nyama ikakufa angali anakata."

Moyo wa Saumu ulimwuma, kisha ukajaa dharau mpaka hapakubaki nafasi ya kitu kingine. Akachoma pande moja juu ya makaa, akaliweka kwenye sahani, akampelekea nduguye aliyekuwa anasimulia watoto jinsi pofu alivyomtazama machoni.

"Ulikata ingali muzima?"

"Nilikata, yaya. Nikataja jina la Mungu."

"Basi kula."

Abedi aliitazama ile sahani. Akatazama kisu chake kiunoni, akawatazama wasikilizaji wake. Kisha akachukua nyama, akatia mdomoni, akatafuna na kumeza, akajifuta midomo. Saumu aliona haya kuzaliwa naye tumbo moja. Mtu yule alikuwa tayari kula kibudu ili kisu chake kisichekwe.

Amuri alisihi wanyamaze. Alinong'ona kwamba gari la moshi linaloleta wageni limekwisha piga honi, na asiyejua hana dhambi. Saumu akamwambia basi yeye asiwe na wasiwasi, maana hajui kitu tangu azaliwe. Nyama yote aliipeleka kwa jirani yake Élisa, mke wa karani wa reli kutoka Kasai, na watu wa kambi ya reli, ambao si Waislamu, wakaila kwa furaha.

Wageni walipokwisha kukaa, Saumu alimwendea Mzee Rajabu mwenyewe, akamwambia kweli yote: palikuwa na nyama, si halali, na aliyeiharibu ni ndugu yake. Ndani, Zaituni aliyekuwa anapakwa hina alisikia maneno hayo akaanza kulia. Kisha mzee akauliza kuna nini kingine. Akaambiwa maharage na samaki wakavu wa Bukama. Akanyoosha mikono aoshwe.

Saumu akalia kidogo nyuma ya jiko, kwa furaha, akajipangusa na kanga. Harusi imepona. Akatoka na sinia la wali kumpelekea bwana harusi, Yuma, kijana mtanashati mwenye kofia iliyotarizwa, aliyekaa barazani pamoja na Abedi.

Kisu cha maua kilikuwa mikononi mwa Yuma. Alikuwa amesikia habari yote ya pofu, kama walivyosikia wageni wote, na bado alikuwa anapapasa maua ya ala kwa kidole gumba, polepole, akiigeuzageuza shaba ing'ae.

"Mjomba," akamwuliza Abedi, "ulisema yule mchuuzi wa Bukama angali anavyo vingine?"