Pasi Mjini, Lengelenge Shuleni

Mwalimu alikuwa akiandika herufi "m" ubaoni mkono wake wa kulia ulipoungua. Chaki ilianguka. Lengelenge lilitokea kuanzia kidole gumba hadi kifundoni, na watoto wa darasa la kwanza wakamsogezea ndoo ya maji.

"Dada yuko kazini," mmoja alisema.

"Yuko kazini," mwalimu alikubali, akatumbukiza mkono.

Dada huyo, pacha wake, alikuwa dobi mjini, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alinyoosha mashuka ya hospitali kwa pasi kubwa ya mvuke, ile inayofunikwa kama kitabu. Pasi ilikuja na kinga ya chuma ya kuzuia mikono, lakini tajiri wake aliifunga juu kwa waya, maana kinga ikiwa inashuka kila mara kazi huenda mwendo wa konokono. Basi dobi akiungua mjini, papo hapo mwalimu anaungua shuleni. Mama yao alishazoea. Tangu wakinyonya, ukimfinya mmoja walilia wawili.

Alichokwenda mama kuomba kwa tajiri ni waya ufunguliwe tu.

"Mama, wanao wana maigizo," tajiri alisema. "Wamepatana. Huyu akiungua kwa uzembe wake, yule anajichoma kumuiga."

"Basi na wapimwe."

Tajiri akaapa mbele ya madobi wote kwamba wakipimwa ikawa kweli, waya atautoa kwa mkono wake.

Wataalamu walikuja, wakamfungia dobi katika chumba kisicho na dirisha mjini, na mwalimu katika chumba kama hicho huko kwao. Simu walizichukua. Ili pacha wasije wakawa wamepanga mambo tangu nyumbani, mtaalamu wa mjini alirusha sarafu dakika ileile: ikilala hivi, dobi anawekewa kitambaa cha moto, ikilala vile, barafu. Mwenzake aliyekaa na mwalimu hakuambiwa kitu. Kazi yake ilikuwa kutazama mkono na kuandika. Kisha wakageuza, wakamchoma mwalimu na kumtazama dobi. Karatasi zilipowekwa pamoja zilifanana, moto kwa moto, barafu kwa barafu.

"Hakuna habari iliyosafiri," walieleza kwa furaha, wamesimama kando ya pasi. "Ni kama mkono mmoja uliowekwa mahali pawili."

"Haya, baba, toa waya," mama alimwambia tajiri.

Tajiri alijikuna shingo. "Si umesikia mwenyewe, Mama? Mkono ni mmoja. Sasa moto unaanzia wapi, nani ajuaye? Pengine huyo mwalimu wako anajimwagia chai huko, ananiunguzia dobi wangu."

Mama aliwageukia wataalamu. "Wanangu, darasani kuna chaki na ubao. Moto utoke wapi?"

"Sisi tumepima kama inatokea," mmoja alijibu, akikunja nyaya zake za kupimia. "Nani ameanza, hatukuulizwa."

"Na hii pasi hamuioni?"

"Tunaiona, Mama."

"Mkuki kwa nguruwe," mama alisema, akachukua kanga yake akaondoka.

Wataalamu walipiga picha mikono yote minne, wakaenda zao kupongezwa. Tajiri alibaki na somo moja, kwamba maji ya shuleni humpoza dobi palepale aliposimama. Akaiondoa ndoo ya maji iliyokuwa karibu na pasi, akaweka kapu jingine la mashuka mahali pake. Waya aliukaza.

Siku hizi watoto wa darasa la kwanza huteka maji kabla ya kufungua madaftari. Mwalimu huandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Wa kulia hautoki ndooni mpaka kengele ya mwisho. Mjini dobi hushusha pasi, mkono ukimtiririka maji, na tajiri humgombeza kwa kulowesha mashuka.