Aliyekanyaga Laki Moja

Mizue alikuwa mwoga wa kuandika, si wa kusoma. Tangu yuko sekondari mjini hapo Matsue alikuwa akiusoma ukurasa wa mtandaoni wa bwana mmoja aliyejiita Waya Mfupi, na miaka yote hiyo hakuwahi kumwandikia hata salamu. Sasa alikuwa mtu mzima, mfamasia mwenye mvi mbili tatu, na bado aliusoma akinywa chai.

Na ukurasa wenyewe ulikuwa mtamu! Rangi ya kijani iliyopauka, vinyota vinavyomemeta juu, na chini maoni ya mtu anayevipenda vyombo vya nyumbani kama wengine wanavyopenda wajukuu. Jiko la umeme linalopiga wimbo wali ukiiva alilisifu hivi: "Halilalamiki, haliniulizi neno la siri, linaimba tu." Alimpenda yule mwanamke asiyeonekana, sauti ya mtambo wa bafuni, anayetangaza kwamba maji ya kuoga yamejaa, na alikiri kwamba humjibu, "Ahsante." Programu zinazotaka ujisajili kwanza ndipo zikuwashie taa, hizo alizitukana kwa adabu sana. Mizue hakununua hata kikaushio cha nywele kabla ya kuangalia Waya Mfupi amesemaje.

Juu kabisa palikuwa na kihesabu cha wageni, na kando yake sheria ambayo kila mpenzi wa kurasa za kizamani aliijua. Ukiangukia namba kubwa inayoishia na sifuri tupu, umeikanyaga, na ni lazima ujitokeze kwenye ubao wa wageni useme. Mwenye ukurasa naye atakuandikia makala juu ya kitu unachokitaka. Kukanyaga ukatoweka ni utovu wa adabu, sawa na kula karamu ya watu ukaondoka bila kuaga.

Jumapili moja asubuhi Mizue akafungua ukurasa, kihesabu kikamwonyesha 100,000.

Akauendea ubao wa wageni. Akaandika sentensi, akaifuta. Akaandika nyingine, akaiona ya kujipendekeza. Mwishowe akafunga kompyuta, akaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

"Yaani umekanyaga laki moja ukala kona?" Mdogo wake Kanae, aliyekuja kula tambi kwake mchana ule, hakuamini. "Dada, we mwizi!"

"Hebu niache. Nimwambie nini mtu nisiyemjua?"

"Humjui? Jiko kakuchagulia yeye, birika kakuchagulia yeye. Mume wangu mwenyewe hanijui hivyo!"

"Si wataandika wengine."

"Waandike nini, na aliyekanyaga ni wewe?"

Siku chache baadaye Waya Mfupi aliweka tangazo fupi, halina kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Mizue. Kampuni iliyouhifadhi ukurasa ilikuwa inafunga mitambo yake mwisho wa mwezi. Alifikiria kuhamia kwingine, ingawa kwa umri wake ni kazi nzito. "Lakini laki moja imefika na hakuna aliyejitokeza," aliandika. "Nadhani wageni wangu ni mashine tu, zinazopita kukusanya maneno. Sizilaumu, mashine nimezisifu maisha yangu yote. Ila kuhama nyumba kwa ajili yao, hapana. Kwaherini."

Mizue aliyasoma hayo kwenye duka la dawa alikofanya kazi, wakati wa mapumziko, chakula chake hakijafunguliwa. Aibu ilimshika hadi masikio yakawaka. Mtu amezungumza miaka yote hiyo, sasa anaamini alikuwa anaongea na ukuta, na yeye aliyekuwa upande wa pili akicheka hakugonga hata mara moja! Potelea mbali, leo nasema, akajiambia. Akafungua ubao wa wageni.

Ubao ulikuwa umejaa.

"Laki moja niliikanyaga mimi. Samahani, niliona haya. Fundi bomba, Tottori."

"Ni mimi. Nilikuwa nanyonyesha, mkono mmoja tu ndio ulikuwa huru."

"Nakiri kosa. Nakusoma tangu niko chuo, sasa mwanangu ndiye yuko chuo."

"Mimi, bwana. Nina miaka themanini, usinifokee."

Waongo! Waongo watupu, kuanzia juu hadi chini! Watu waoga kama yeye, walionyamaza miaka nenda miaka rudi, wamejitokeza kwa pamoja kujitwika kosa lake ili mzee wa watu asifunge. Mizue akacheka huku machozi yanamtoka, na mfamasia mwenzake akamsogezea tishu bila kuuliza.

Sasa aseme nini? Ukweli wake ungewaumbua wote, na hao walikuwa watu wazuri kuliko wote aliowahi kukutana nao bila kuwaona. Akaandika: "Mimi pia niliikanyaga. Nauza dawa Matsue. Usifunge, tafadhali."

Jioni, akiwa kwenye foleni ya kununua samaki, aliona jibu limeingia.

"Wapendwa," aliandika Waya Mfupi, "kihesabu changu kibovu kweli, kimewapa watu wote hawa namba ileile. Sijawahi kupenda mtambo mbovu namna hii. Nahama. Kila mmoja ataje kitu chake, mnivumilie, naandika polepole. Na wewe wa duka la dawa, mwongo wa mwisho kufika, karibu sana."

Mizue aliyasoma tena maneno hayo hadi muuza samaki akamwita mara ya pili. Kuitwa mwongo hakujawahi kumfurahisha mtu namna ile.