Chumba Jirani na Mashine

Kwa kazi alikuwa mkaguzi wa majengo, na nyumbani kwao walimwita Rula. Jina hilo alipewa na mdogo wake wa kiume tangu wakiwa shule, naye hakuwahi kulikataa. Rula ni kifaa kizuri, hakimbembelezi mtu.

Safari hii alikuwa anamtafutia mama yake gesti ya usiku mmoja, yenye chai ya asubuhi, karibu na hospitali ya macho. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, na jicho la kulia lilikuwa limebakiwa na mwanga tu. Mwezi uliopita alirudishwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji kwa sababu presha ilikuwa juu. Nesi aliuliza kama mgonjwa alilala. Hakupata hata lepe la usingizi. Gesti ilikuwa imechaguliwa na huyo mdogo mtu, nayo ilikuwa juu ya baa. Sasa daktari bingwa alikuwa amerudi mjini, na akiondoka hakuna aliyejua angerudi lini. Mama alale, presha ishuke, jicho lifunguliwe: mambo yalikuwa yamefungamana hivyo.

Rula hakuamini picha wala nyota za kwenye simu. Picha hupigwa na mwenye mali, na nyota hutolewa na watu ambao hujui wanapenda nini. Aliomba ruhusa kazini, akavaa viatu vyake vya kukagulia, akaenda kuona mwenyewe.

Nyumba ya kwanza ilitazamana na tuta la barabarani. Alisimama chumbani akasikiliza lori moja likipunguza mwendo, likivuka, likinguruma tena kuongeza mwendo, akashukuru akatoka. Ya pili ilikuwa na bafu la vigae vinavyong'aa kama kioo, pasipo mahali pa kushika. Mtu asiyeona vizuri angeingia humo kuoga akatoka amebebwa.

Ya tatu ilikuwa ya mzee mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Funguo, kwa sababu ya tita la funguo lililoning'inia kiunoni mwake na kumtangaza kabla hajafika. Nyumba ilikuwa safi, vitanda imara, bafu lina vyuma vya kushikia. Chumba cha chini kilichobaki kilikuwa kimoja, cha nyuma. Rula aliweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa unatetemeka kidogo, kama ubavu wa mnyama anayepumua.

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Kiwanda cha mikate. Majirani wema sana."

"Mashine yao inasimama saa ngapi?"

"Inasimama."

"Nimeuliza saa ngapi, mzee wangu."

Bwana Funguo akazitazama funguo zake kana kwamba jibu lilikuwa limefungiwa humo. "Asubuhi, mikate ikishatoka. Mchana wanaifanyia majaribio kama hivi, jioni ndiyo inaanza kazi. Lakini mtu huzoea, mama."

"Mgonjwa wangu hana muda wa kuzoea."

"Haya. Ila chai kama yetu hutaipata kwingine. Mkate unaingia mezani ukiwa bado na moto."

Rula akamuaga kwa heshima na kulifuta jina la nyumba ile kichwani.

Ya nne ilikuwa ndani kabisa ya mtaa, nyumba ya mwalimu mstaafu aliyepangisha vyumba vitatu. Kuta nene, dirisha la kufunga sawasawa, bafu halina kasoro. "Hapa hata paka wanatembea kwa adabu," alisema mwalimu. Rula alifunga dirisha, akasimama katikati ya chumba na kusikiliza. Alichosikia ni saa yake ya mkononi. Akakichukua chumba.

Kesho yake mama akafika kwa basi pamoja na mdogo mtu. Mwalimu aliwapokea kwa chai, akawaonyesha chumba, akatoka akinyata.

"Dada," mdogo wake alisema, "hapa pako kimya sana."

"Ndiyo kusudi."

"Nasema kimya sana."

"Nimekusikia mara ya kwanza. Hakuna kelele ya kunizuia kusikia."

Kijana akamtazama mama, mama akatazama kitanda. Rula akamlaza mama, akafunga pazia, akasubiri. Alikuwa amenunua kipimo cha presha ili kesho asishtukizwe mlangoni. Alipompima, namba ilikuwa juu ya kikomo alichosema nesi.

"Uchovu wa safari tu, mwanangu," mama alisema.

Akampumzisha, akapima tena. Namba ilikuwa imepanda. Mama alikuwa amelala chali kama askari wa gwaride, macho wazi yakielekea dari asiloliona vizuri.

"Humu chumbani kunanibana," hatimaye mama alisema. "Nikae pale nje kidogo."

Wakamweka kwenye kiti ukumbini, karibu na jiko, ambako mashine ya mwalimu ilikuwa inafua mashuka. Rula alirudi chumbani kuangalia kama kulikuwa na kasoro iliyompita: godoro, hewa, urefu wa mto. Alipotoka alimkuta mama amelala fofofo kwenye kiti, kidevu kifuani, mtandio umeteleza hadi begani. Rula hakumgusa. Alivuta kiti kingine akakaa na kutazama, maana jambo lililotokea mbele ya macho lina haki ya kutazamwa hadi mwisho.

Mashine ilimaliza kufua, ikatulia. Mama akafumbua macho papo hapo.

"Mkanda umekatika?"

Nyumba yao huko walikozaliwa ilikuwa imejengwa ikiegemea mashine yao ya kusaga nafaka. Kitanda cha mama na kinu vilitenganishwa na ukuta mmoja wa tofali. Rula aliondoka akiwa msichana, kwenda shule ya bweni, na tangu hapo aliishi akiikimbia kelele ile. Mama na mdogo wake walibaki nayo.

"Mama, ule usiku wa juu ya baa, ni kelele iliyokunyima usingizi?"

"Kelele?" Mama alicheka kidogo. "Kelele ingekuwa mfululizo ningelala. Ule muziki ulikuwa unaanza, unakatika. Kila ukikatika nashtuka. Mashine ikinyamaza, mwanangu, ujue kuna mkanda wa kuunga au gunia limekwama. Mwenye mashine hulala ikisaga, huamka ikinyamaza."

Rula alimgeukia mdogo wake. "Wewe ulijua hili?"

"Kwa nini unadhani nilichagua juu ya baa? Kelele niliitafuta mimi mwenyewe. Nilikosea aina tu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ulikuja na majibu, dada. Sikuona pa kuchomeka swali."

Lilikuwa neno la haki, akalipokea. Alikuwa amekagua nyumba nne na hakumkagua atakayelala. Kosa likishajulikana lilipo, hurekebishwa. Kulizunguka ni kupoteza mchana. Alimvalisha mama kipimo. Baada ya kale kausingizi ka kwenye kiti, namba ilikuwa imeshuka chini ya kikomo. Huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

"Mwalimu," alisema, "chumba chako hakina dosari. Tunahama kwa sababu ya kimya."

Mwalimu alivua miwani. "Nimelalamikiwa mengi. Hilo ni jipya."

Walipofika kwa Bwana Funguo, alisikika kabla hajaonekana, akamkabili Rula. "Mama umerudi. Ulisahau kitu?"

"Nilimsahau mgonjwa. Kile chumba cha nyuma bado kipo?"

"Hakijawahi kuondoka."

"Mashine inasimama saa ngapi?"

Mzee akapumua kwa huzuni. "Mama, nilishakwambia ukweli. Usiku kucha haisimami."

"Una uhakika?"

"Uhakika?"

"Isije ikasimama katikati. Umeme ukikatika inakuwaje?"

Bwana Funguo alimtazama mdogo mtu, akitafuta msaada. "Msikilize tu, mzee wetu," kijana alisema. "Ndivyo alivyozaliwa."

Rula hakuridhika na jibu la mtu wa pili. Alizunguka hadi kiwandani, akamkuta fundi mkuu amefunga aproni, akamuuliza habari ya umeme. Fundi alimwonyesha jenereta. Umeme ukikatika, alisema, inawaka yenyewe, kwa sababu unga ukiachwa nusu umekandwa ni hasara tupu. Rula aliomba aone. Fundi akacheka, lakini akazima swichi kubwa. Jenereta ikawaka, sauti ya mashine ikayumba, haikunyamaza.

"Sasa umeridhika, mkaguzi?"

"Sasa nimeridhika."

Jioni mama aliingia chumba cha nyuma, akapapasa ukuta, akaacha mkono wake pale. "Huyu anazunguka vizuri," alisema. "Mkanda wake mpya." Hakuna aliyemsikia akisema neno jingine mpaka asubuhi.

Chai ilikuja na mkate wenye moto, kama alivyoahidi Bwana Funguo, na mama akala kile kidogo alichoruhusiwa na nesi. Hospitalini walikaa kwenye benchi lilelile la mwezi uliopita. Nesi alikuwa yuleyule. Alifunga kitambaa cha kipimo mkononi mwa mama, akakijaza hewa, akasubiri, akakilegeza.

"Mama, leo umelala?"

"Kama gunia la unga."

"Inaonekana. Twende ndani."

Mama akainuka, akashika mkono wa nesi, na mlango uliomrudisha safari iliyopita ukafunguka akapita. Ndugu wawili wakabaki benchini. Mdogo mtu alitoa simu, akaitafuta gesti ya Bwana Funguo.

"Maskini, watu wamemponda," alisema. "Nyota moja, nyota moja. Wote wanalalamikia mashine. Wewe utampa ngapi?"

"Nyota sitoi. Andika hivi: chumba cha nyuma kimepakana na kiwanda cha mikate, mashine haisimami usiku kucha, hata umeme ukikatika."

"Hiyo sasa ni sifa au lawama?"

"Ni ukweli," Rula alisema. "Anayekihitaji chumba hicho ataelewa."